Beryl Haslam, Mwangalizi wa Mita Zilizonyamaza

*Wasifu utakaosomwa na mpwa wake, Graham Brierley, katika Kanisa la Salem, Calderwick, Ijumaa tarehe 26 Januari 2024, saa sita mchana*

Kuzaliwa

Anayezikwa leo ni Beryl Haslam, aliyezaliwa Beryl Brierley siku ya Jumapili, tarehe 3 Mei 1953, katika nyumba namba 8, Mtaa wa Gasworks, hapa hapa Calderwick. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Harold na Annie Brierley. Mdogo wake, Leonard, alimfuata baada ya miaka minne. Baba yao alikuwa msoma mita wa gesi. Aliianza kazi hiyo wakati gesi ilipokuwa mali ya halmashauri ya mji, akaendelea nayo serikali kuu ilipoichukua, na hadi anastaafu hakuacha kuiita "gesi yetu". Mama yao alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba. Nyumbani kwao hapakuwa na mengi, lakini watoto walilelewa kwa masharti: aliyepika hali wa mwisho, na aliyekosa husema kabla hajaulizwa.

Masomo

Marehemu alisoma katika shule ya msingi ya kanisa hili kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha shule ya sekondari ya wasichana ya Bank Top hadi mwaka 1969. Ripoti yake ya mwisho imehifadhiwa na familia. Mwalimu wa hesabu aliandika: "Beryl huuliza maswali ambayo majibu yake anayajua, ili aone kama mimi ninayajua." Baba yake alipoisoma alimuuliza kama ni kweli. Akajibu kwamba ni kweli, na kwamba mara mbili mwalimu hakuyajua.

Baada ya hapo alisomea uchapaji na kazi za ofisi kwa mwaka mmoja katika chuo cha ufundi cha mji. Hakuwa na shahada. Katika maisha yake alifanya kazi chini ya watu wengi waliokuwa nazo, na baadhi yao wangefaidika sana kama wangemsikiliza.

Ndoa

Alifunga ndoa na Clifford Haslam, fundi bomba, katika kanisa hili siku ya Jumamosi, tarehe 12 Julai 1975. Siku hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya Wakes, wiki ile ambayo viwanda vyote vya Calderwick vilifungwa na mji mzima ukahamia Blackpool kwenda kuona bahari. Maharusi walitoka kanisani wakapanda basi lile lile walilopanda wageni wao. Walipofika nyumba ya kulala wageni, chumba cha kushoto alikuwa mchungaji aliyewafungisha ndoa, na cha kulia alikuwa mama mkwe. Clifford alipenda kusema kwamba walianza maisha ya ndoa kwa kunong'ona, na kwamba ndiyo mara pekee aliyowahi kumsikia Beryl akinong'ona.

Walijaliwa watoto wawili, Janine mwaka 1978 na Russell mwaka 1981. Clifford alifariki tarehe 20 Oktoba 2011. Waliishi pamoja miaka thelathini na sita, na hakuna jirani aliyewahi kusikia mmoja akimsema mwenzake vibaya nyuma ya mgongo wake. Walisemana usoni.

Kazi

Kuanzia mwaka 1970 marehemu alikuwa karani wa mishahara katika kiwanda cha pamba cha Albion, hadi kilipofungwa mwaka 1982. Mwaka huo huo aliajiriwa na halmashauri katika ofisi ya nyumba za kupanga, akakaa huko miaka thelathini na mitatu. Lakini kazi ambayo watu wengi waliofika hapa leo wanamjua kwayo aliianza akiwa na miaka sitini na miwili, wenzake walipokuwa wanaaga kazi na kupewa saa za ukutani.

Tarehe 1 Oktoba 2015 Halmashauri ya Calderwick ilianzisha shirika lake la nishati, lililoitwa Taa ya Mji. Lilinunua umeme na gesi sokoni na kuwauzia wakazi bila kutafuta faida. Halikuwa na mwenye hisa wa kugawiwa chochote. Kilichobaki kilirudi kwenye bei. Lilikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja, ofisi mbili za chini katika jengo la halmashauri, na meneja mmoja, Bwana Adrian Pickup. Bwana Pickup alimwomba Beryl aje kusimamia wateja wa mita za kulipia kabla. Russell alimshauri mama yake apumzike.

"Nipumzike nifanye nini?" alimuuliza. "Nimwangalie paka? Paka mwenyewe hapendi kuangaliwa."

Mita ya kulipia kabla inajulikana na kila mtu wa mji huu aliyewahi kukosa. Mtu huenda na ufunguo wa mita dukani, akaujaza, akarudi nao nyumbani. Ufunguo ukiisha, giza. Mashirika mengine yalihesabu waliochelewa kulipa. Beryl aliona kwamba mwenye mita hiyo hawezi kuchelewa kulipa. Huacha tu kununua, akakaa kimya, na hakuna ofisi inayomwona. Basi akaagiza kompyuta ya shirika itoe kila asubuhi majina ya watu waliopitisha siku yao ya kawaida bila kujaza. Karatasi hiyo aliiita orodha ya walionyamaza. Ilikuwa na majina kumi, kumi na mawili. Saa nne asubuhi alivaa koti akaenda kuyagongea.

"Nani?"

"Taa ya Mji."

"Sidaiwi!"

"Najua hudaiwi. Fungua, baridi inaniua."

Watu wa Calderwick hawakubali kwamba wameishiwa. Watasema wamekula, wamelala vizuri, wanapenda kukaa gizani kwa sababu macho yanauma. Kwa hiyo Beryl hakuwauliza. Akishaingia aliketi na kusema, "Nipikie chai basi, mwenzangu." Hapa kwetu mgeni hanyimwi chai, hata asiyependwa. Mwenye umeme aliinuka kuweka birika. Asiye nao alibaki amesimama katikati ya jiko lake, akiangalia sakafu. Ndipo Beryl alipotoa simu, akaagiza dukani ufunguo ujazwe kwa mfuko wa dharura wa shirika, akaupeleka na kuurudisha mwenyewe, kisha akasubiri mpaka chai ile ikanyweka. Hakumwacha mtu na birika la baridi, na hakumsimulia mtu alichokiona ndani.

Wasifu huu hautakuwa wa kweli ukipita pembeni ya jambo la mwaka 2017. Marehemu mwenyewe aliagiza lisomwe.

Viwanda vilikwisha zamani, lakini Wakes haikuisha. Hadi leo, wiki ya pili ya Julai, nusu ya mji huu iko Blackpool. Wiki hiyo watu hawajazi funguo, na ile orodha ya majina kumi hutoka na majina mia na sitini. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 10 Julai 2017, Beryl aliiangalia, akacheka, akaiweka kwenye droo. Msaidizi wake wa simu alikuwa Nasreen Bashir, aliyekuwa na miaka ishirini na sita wakati huo. Aliona.

"Mama Beryl, hatuigongei?"

"Wakes ni Wakes, binti. Wako ufukweni wanakula chipsi zenye mchanga."

"Na wasioenda?"

"Nani haendi?"

"Sisi kwetu hatujawahi kwenda hata siku moja."

"Nyie mna hela za kujaza ufunguo," Beryl alisema. Wakacheka wote wawili, na droo ikabaki imefungwa.

Mtu mmoja hakwenda. Alikuwa Norman Tattersall wa Mtaa wa Foundry namba 31, mfumaji mstaafu, mjane, mwenye miaka sabini na tisa, mgonjwa wa sukari. Dawa yake ya sindano ilikaa kwenye friji. Ufunguo wake uliisha Jumapili tarehe 9 na mfukoni hakuwa na kitu hadi pensheni. Majirani wa kushoto na kulia walikuwa Blackpool. Aliendelea kujidunga dawa iliyoharibika kwa joto, akaugua, akashindwa kufika mlangoni. Beryl aliitoa orodha Jumatatu tarehe 17 na kumkuta siku hiyo saa tano, yu hai, sakafuni. Kidonda cha mguu kilichokuwa kinapona kilikuwa kimeoza. Hospitalini waliukata mguu wa kushoto chini ya goti.

Beryl angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeijua droo ile ila Nasreen, na Nasreen hakuwa msema ovyo. Siku ya tatu alikwenda wodini, akavuta kiti.

"Bwana Norman, karatasi ilikuwa na jina lako. Niliiweka mimi kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Nilidhani uko Blackpool."

"Blackpool nimpeleke nani dansini? Tangu Elsie afe sijaiona bahari. Ungeuliza."

"Ningeuliza."

Mzee alimpa leso. "Basi acha kulia, mama. Huyu wa kitanda cha pili akiona mwanamke analia hapa atadhani nimeshakufa, aanze kuitolea macho redio yangu."

Beryl alirudi ofisini akaandika barua ya mistari minne ya kujiuzulu. Ndani yake alisema: "Kosa si la kompyuta wala la mgonjwa. Kompyuta ilimtaja. Sikutaka kusikia, kwa kuwa ilikuwa sikukuu." Bwana Pickup alikataa kumwacha aondoke. Beryl akakubali kubaki kwa sharti moja, kwamba barua ichapishwe katika taarifa ya mwaka ya shirika, jina lake likiwa chini yake. Ikachapishwa ukurasa wa sita. Tangu siku hiyo orodha haikuwa na Jumapili, wala Krismasi, wala Wakes. Kila Alhamisi, hadi Norman alipofariki mwaka 2020, Beryl alimpelekea pai ya nyama na viazi, na wakagombana kuhusu kriketi.

Kuna wakati ambapo watu hukosa, wakalia, wakasamehewa, wakarudi walivyokuwa. Beryl alisamehewa na hakurudi alivyokuwa. Hiyo ndiyo toba.

Taa ya Mji haikufa kwa sababu ya wateja wake maskini, ingawa yapo magazeti yaliyosema hivyo. Ilikufa kwa kununua vibaya. Wakubwa waliahidi bei ya kiangazi, kisha baridi ya mwaka 2018 ikawakuta hawana umeme wa kutosha waliouagiza mapema, wakalazimika kuununua siku ambazo kila mtu alikuwa anaununua. Ilikuwa kazi njema iliyofanywa na baadhi ya watu wazembe, na wema wa kazi hauusafishi uzembe. Halmashauri ilipiga kura ya kuifunga mwezi Februari 2019. Wateja wote walipewa kampuni kubwa ya kusini, na siku ya makabidhiano iliwekwa tarehe 31 Machi.

Kwenye mkutano wa wananchi ukumbini, mtu mmoja wa nyuma alipaza sauti, "Taa imezimika! Mshumaa ananunua nani?"

"Mshumaa nanunua mimi, Raymond," Beryl akamjibu bila kugeuka. "Wewe lete kiberiti, na ukishakileta ukae."

Ukumbi ulicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa na jambo moja moyoni: kuanzia tarehe 1 Aprili, mtu wa Calderwick akinyamaza, nani atajua?

Kompyuta ya shirika ilibeba majina na namba za mita. Mengine yote yalikuwa kwenye daftari lake la jalada la kijani. Humo aliandika kwa mkono: "Foundry 12, haoni maandishi madogo, usimwachie karatasi. Albion 40, husema yuko sawa, hayuko. Canal 7, ana mashine ya kupumulia, mwanawe huichomoa achaji simu." Zilikuwa nyumba mia mbili na kumi na mbili. Sheria ilisema habari kama hizo hazipewi kampuni nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Bwana Pickup alimwambia daftari lichanwe kabla ofisi haijafungwa.

Nasreen alifunga mlango. "Mama Beryl, tutoe nakala. Ni kwa faida yao."

"Walitwambia sisi, Nasreen. Wengine walitwambia mambo ambayo hawajawaambia watoto wao. Huyo anayekuja hawamjui hata uso."

"Mungu atatusamehe."

"Mungu, ndiyo. Bi Enid Crabtree wa Foundry, hapana."

Zilibaki wiki tano. Beryl alichapa fomu fupi ya ridhaa na kuamua kwenda nyumba zote mia mbili na kumi na mbili, kwa mguu, amuulize kila mmoja uso kwa uso kama anakubali kampuni mpya ielezwe hali yake. Mwezi Januari mwaka huo daktari alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umechoka na kwamba aache kupanda milima. Calderwick yote ni mlima. Hakumwambia Janine wala Russell. Walikuja kujua baadaye, kwa Nasreen, ambaye alimbebea mkoba na mara mbili alimkuta ameketi kwenye ngazi za watu, uso mweupe, akidai anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Watu mia na themanini na wanane walitia saini. Tisa walikuwa wamehama au kufariki. Kumi na watano walikataa, na wa kwanza kati yao alikuwa Enid Crabtree wa Foundry namba 17, mwalimu mstaafu, mwenye miaka themanini na mitatu, aliyeifundisha kusoma nusu ya baraza la halmashauri na kujuta.

"Ni saini tu, Bi Enid, ili wajue."

"Wajue nini? Kwamba nimezeeka? Waje wanione."

"Hawaji. Wako maili mia mbili."

"Basi hawanihusu. Si wewe unakuja?"

"Kuanzia Aprili sina kazi, sina orodha. Nitajuaje kama una shida?"

"Macho unayo?" Bi Enid alimuuliza. "Pazia la mbele nalifungua saa tatu, tangu enzi za mama yangu. Siku ukiliona limefungwa saa nne, ama nimekufa ama nimelewa. Na pombe sinywi. Sasa ondoka, chai imeisha."

Inafaa isemwe wazi, kwa kuwa marehemu aliisema kila alipopata nafasi: wazo lile halikuwa lake. Lilikuwa la Enid Crabtree, na lilitolewa kwa hasira. Beryl aliteremka mlima akizihesabu nyumba kwa macho, na alipofika chini alimwambia Nasreen kwamba wamekuwa wajinga miaka mitatu na nusu, wakitumia kompyuta kujua jambo ambalo mtaa mzima ulikuwa unaliandika dirishani kila asubuhi.

Siku ya Ijumaa tarehe 29 Machi 2019, mbele ya Bwana Pickup, alilichana daftari kwenye mashine, ukurasa mmoja mmoja. Ilichukua dakika ishirini. Nasreen alitoka nje. Bwana Pickup, ambaye ameandikia familia barua ya rambirambi, anasema hakuwahi kumwona mtu akitii sheria kwa uchungu namna ile, wala kwa ukamilifu namna ile.

Jumatatu, tarehe 1 Aprili, saa nne asubuhi, bila mshahara na bila shirika, alikuwa Mtaa wa Foundry akiangalia mapazia. Yote yalikuwa wazi. Namba 17 palikuwa na mtu amesimama dirishani, mikono kiunoni, kana kwamba anamkagua mkaguzi.

Wengine walijiunga naye, na hadi mwaka 2022 waliokuwa wakipita mitaani walifika thelathini na wanne, katika mitaa tisa. Kanuni ilikuwa moja. Pazia la mbele lifunguliwe kabla ya saa nne, lililofungwa hugongewa, anayegonga huomba chai. Katika miaka hiyo waliwakuta watu wanne wameanguka ndani, na watatu kati yao walikuwa hai. Mmoja wa hao watatu alikuwa Enid Crabtree, mwezi Novemba 2021, amevunjika nyonga kando ya kitanda. Beryl alipomwinamia, maneno ya kwanza aliyoyapata yalikuwa, "Saa nne na dakika tano. Umechelewa."

Na baridi ile ya mwaka 2022, bei zilipopanda mara mbili na watu wakaanza kujizimia umeme wenyewe, hakuna mtu wa mitaa hiyo tisa aliyekutwa amekufa peke yake. Halmashauri ilitaka kumpa nishani. Alijibu kwamba nishani haina mguu, na kama wanataka kushukuru watoe diwani mmoja wa kushika Mtaa wa Canal siku za Jumamosi. Walimtoa. Anautembea mpaka leo.

Ugonjwa na kifo

Moyo ulianza kumshinda mwaka 2022. Janine alimsihi ahamie kwake Preston.

"Mama, utafia mlimani."

"Afadhali mlimani kuliko Preston."

Tarehe 8 Januari 2023 aliacha kutembea, kwa amri ya daktari na ya miguu yake mwenyewe. Tangu siku hiyo alikaa dirishani kwake na simu, na kila mpita mtaa alimpigia kabla ya saa tano. "Foundry, wazi zote." "Albion, wazi zote." "Canal, namba 9 limefungwa, nimegonga, alikuwa amelala tu, amenitukana." Aliandika kwenye kalenda ya ukutani alama moja ya wino kwa kila mtaa. Hakuandika kingine chochote.

Alilazwa hospitalini Jumanne tarehe 9 Januari mwaka huu. Siku ya Jumapili mdogo wake, Leonard, alikuwa peke yake kando ya kitanda. Watu wa hapa wanaijua desturi ya msiba: siku ya mazishi, nyumba zote ambazo jeneza litapita hufunga mapazia ya mbele tangu asubuhi. Beryl aliikumbuka kabla Leonard hajaikumbuka.

"Len, nikifa, wasinifungie mapazia."

"Dada, hiyo ni heshima. Tulimfungia baba, tukamfungia mama. Clifford alifungiwa mtaa mzima."

"Ndiyo. Na siku hiyo mtu akianguka nyuma ya pazia, nani atajua? Watakaoyaona watasema, ni kwa ajili ya Beryl. Watapita." Alipumzika kidogo. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyomfanyia Norman. Sikukuu nzuri, na mtu yuko sakafuni."

"Watasema hatukukupenda."

"Waache waseme. Wakimaliza kusema, wagonge."

Alifariki siku ya Jumanne, tarehe 16 Januari 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, Janine na Russell wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na miaka sabini, miezi minane na siku kumi na tatu.

Ombi lake halikupokewa kwa urahisi. Leonard alipita Foundry nyumba kwa nyumba kulieleza. Wapo waliokasirika. Mama mmoja alisema mtaa huu ulimfungia pazia hata mwanasiasa, seuze Beryl. Mzee mwingine alisema atalifunga lake na asiyependa aje alifungue. Leonard aliketi kwa kila mmoja, akaomba chai, akasimulia habari za droo tangu mwanzo. Wote wamekubali.

Kwa hiyo wageni waliotoka mbali wasishangae wala wasione ni dharau. Gari litakalombeba marehemu litapanda Mtaa wa Foundry saa tano na nusu, na mapazia yatakuwa wazi kuanzia namba 1 hadi namba 64. Wenye nyumba wameombwa jambo jipya badala ya lile la zamani: kila asiyeweza kuja kanisani asimame dirishani kwake, mahali anapoonekana. Wapita mitaa watatembea kama kawaida yao saa nne, kisha watakuja ibadani na koti walilolivaa. Kama kuna mlango uliogongewa na haukufunguliwa, watakaokosekana kanisani wasilaumiwe. Wako mahali ambapo marehemu angekuwa.

Beryl Haslam ameacha watoto wawili, Janine Thwaite na Russell Haslam. Mkwe mmoja, Colin Thwaite. Wajukuu watatu, Imogen, Rhys na Bethan. Mdogo wake, Leonard Brierley, na wifi yake, Sylvia. Mpwa mmoja, Graham. Rafiki yake mkubwa, Nasreen Bashir. Mwalimu Enid Crabtree, ambaye anakataa kuitwa rafiki. Wapita mitaa thelathini na watatu. Na nyumba mia tatu na sita zenye madirisha yanayotazama barabara.

Mtaa wa Foundry umechukuliwa na Nasreen. Kesho ni Jumamosi, na ataanza saa nne.

Bwana amlaze Beryl salama, na asimwamshe mapema.